Mikono Isiyovimba

Siku ya nane baada ya watoto kuchanjwa, Loice aliwapanga mstari darasani akawaambia wafunue mabega. Walikuwa arobaini na watatu. Walikuwa wamechuma chai tangu alfajiri, vidole vyao vimekuwa vyeusi kwa utomvu, vikapu vyao vidogo vimerundikwa mlangoni, na wengi walidhani mwalimu anatafuta chawa. Loice alipita polepole. Alitafuta lengelenge. Alitafuta uvimbe, wekundu, mtoto mmoja tu wa kuruka na kusema asiguswe hapo. Aliona mikwaruzo iliyokauka, kama mtu aliyepita kwenye miiba.

"Inauma?" alimuuliza Mosoti, mtoto wa Nyambeki.

"Haiumi, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata nikipiga." Mosoti akajipiga bega kwa kiganja, na darasa zima likajipiga mabega, pa pa pa, likaangua kicheko.

Loice hakucheka. Uso wake ulikuwa umechimbwachimbwa na ndui tangu alipokuwa na miaka sita, kule kwao kando ya ziwa. Ugonjwa ule ulimchukua mama yake na kaka zake wawili katika wiki moja, ukamwacha yeye na uso ule. Sista wa misheni aliyemlea ndiye aliyekuwa akichanja watu wa pande zile, na Loice alimshikia bakuli miaka mitatu. Alijua chanjo inavyokwenda. Siku ya tatu kipele. Siku ya nane lengelenge lenye kitovu katikati, mkono mzito, mtoto halali. Baadaye kigaga, halafu kovu la kwenda nalo kaburini. Sista alikuwa akimwambia, "Usipoona lengelenge, mwanangu, hukuchanja. Umekwaruza tu."

Kwa hiyo alivuka uwanja akaenda kwa Makori, dresa wa shamba, kwenye kile chumba chake cha dawa chenye harufu ya dettol na chumvi ya haluli. Makori alikuwa amevaa koti jipya. Lilikuwa koti kuukuu la Bwana, msimamizi wa shamba, lakini kwake jipya.

"Makori, mikono ya watoto haikuvimba."

"Na wewe shemeji unataka ivimbe ndiyo ufurahi?" Makori alimwita shemeji kwa sababu alikuwa rafiki mkubwa wa Joab, mume wake, ingawa Makori alikuwa Mkisii na wao walikuwa watu wa ziwa. "Kaa hapo upumzike. Hao watoto wako wana damu kali."

Atuti, nyapara wa wachumaji, alikuwa ameketi kwenye benchi akikatwa ukucha wa dole gumba uliooza. Akaingilia. "Mwaka juzi tulichanja nyumba za laini ya juu. Wiki nzima hakuna mkono uliopanda. Vikapu vinaning'inia tu mgongoni kama watoto wachanga. Safari hii hakuna hata mmoja aliyekosa kazi. Makori amepata mkono mwepesi! Koti umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi mwache mwenzako avae."

Wakacheka. Daftari lilikuwa wazi mezani, majina arobaini na matatu, na mbele ya kila jina Makori ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: amechanjwa. Chini, sahihi ya Bwana. Nakala ilikwisha kwenda kwa daktari wa serikali Kericho. Jina la Akeyo, binti yake Loice, lilikuwa la kumi na saba.

Loice akatazama lile neno, akatazama koti, akarudi darasani kufundisha hesabu za kutoa. Baadaye, alipokuwa na hasira na watu wote wa shamba lile, hasira ya kwanza kabisa ilikuwa juu ya mwanamke yule aliyerudi darasani.

Shamba lilikuwa na jina lake la kizungu kwenye maboksi ya chai, lakini wafanyakazi waliliita Kwa Mrefu, kwa sababu Bwana aliyelisimamia alikuwa mrefu mpaka alipoingia katika nyumba ya laini ilimbidi azungumze akiwa ameinama. Walioishi laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, wengi walitoka mbali, Wajaluo na Wakisii, na watoto wao walichuma asubuhi, wakapimiwa saa sita, wakaja shule saa nane. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Loice alipewa kwa sababu ndiye mwanamke pekee wa laini aliyejua kusoma, na kwa sababu hakuna mwalimu wa kiume aliyekubali kufundisha watoto wanaosinzia.

Miezi miwili ikapita. Mvua ndefu zikashika, chai ikachipua kama imeambiwa, na Nyambeki akaenda kwao kumzika mjomba. Alimchukua Mosoti. Waliporudi walikuwa wazima. Wiki mbili baadaye Mosoti akakosa shule siku tatu.

Siku ya nne alikuja. Alisimama mlangoni, kikapu mkononi, na Loice akaona uso wake kwa mwanga wa nje.

"Simama hapo hapo, baba. Usiingie."

Alimwendea. Vipele vilikuwa vimejaa kwenye paji la uso, vimejaa mikononi, hata kwenye viganja. Tumboni vilikuwa vichache. Akabonyeza kimoja kwa kidole. Kilikuwa kigumu, kimezama ndani ya ngozi kama punje ya mtama. Kidole cha Loice kilikijua kabla akili yake haijakubali.

"Ulikuwa wapi siku hizi zote?"

"Kazini, Mwalimu. Mama alisema nisije shule nikaambukiza wenzangu tetekuwanga. Lakini Nyapara akasema kuchuma naweza."

"Ulichuma mstari gani?"

"Ule wa chini. Na Akeyo, na Mellen."

Loice akafunga shule papo hapo. Akawaambia watoto waende makwao, wasiguse vibao, vile vibao walivyozoea kuvifuta kwa mate. Akamchukua Mosoti kwake, akamlaza jikoni, kwa kuwa yeye ndui ilikwishamaliza naye na haikuwa na la kumfanya tena. Akamhamishia Akeyo kwa jirani.

Nyambeki alikuja mbio akiwa na hasira. "Mama Akeyo, unamficha mtoto wangu kwa nini? Ni tetekuwanga!"

"Ni ndui, Nyambeki."

"Mtoto wangu amechanjwa! Imeandikwa. Hata mimi niliona anakwaruzwa. Unasema ndui ndiyo watu watukimbie?"

"Njoo umtazame viganja."

Nyambeki hakutaka kutazama viganja. Alikaa mlangoni akilia na kumtukana Loice kwa Kikisii, Loice asielewe maneno, akielewa yote.

Loice alimwendea Bwana Mrefu barazani kwake, akasimama chini ya ngazi. Bwana alikuwa anakunywa chai. Chai yake ilitoka nchi nyingine, ndani ya kopo; hilo watumishi wa nyumba walilijua na waliliona kichekesho.

"Wewe nataka nini?"

"Bwana, mtoto Mosoti ana ndui. Naomba barua kwa daktari."

"Hapana ndui. Dresa nasema tetekuwanga."

"Mimi mwenyewe niliugua, Bwana. Naijua."

"Toto yote nachanjwa. Mimi naweka sahihi. Wewe naona sahihi?"

"Nimeiona. Lakini mikono haikuvimba."

Bwana akaweka kikombe chini. Alizungumza polepole, kama mtu anayemfundisha mbwa. "Sikia. Kama mimi napiga kelele ndui, serikali nafunga shamba. Karantini. Hapana mtu kuingia, hapana mtu kutoka. Chai nalala stoo, hapana kwenda stesheni Lumbwa. Sasa mvua, sasa kazi mingi. Wewe ngoja siku kumi. Kama tetekuwanga, napona. Rudi shule."

"Nimefunga shule, Bwana."

"Basi rudi jikoni."

Loice aliandika barua mbili kwa mkono wake mwenyewe kwenda kwa daktari, akampa karani wa shamba azitie kwenye mfuko wa posta. Karani akazipeleka barazani. Loice alikuja kuambiwa na mpishi kwamba Bwana aliwashia nazo kiko. Muda huo Loice alikuwa anamfukuzia Mosoti nzi, anamlowesha midomo kwa kitambaa, kwa maana koo lilikuwa limejaa vidonda na hata maji yalimuuma. Asubuhi za mvua aliwasikia wachumaji wakiteremka, vikapu vinagongana, watoto wamechanganywa na wakubwa, Atuti akipiga filimbi. Shule imefungwa, mashamba wazi! Mistari ile ile, watoto wale wale, bega kwa bega.

Watu waliokuwa na akili walikuwa Wakipsigis wa ng'ambo ya mto. Hawakuwa na daftari. Walisikia tu kuna mtoto ametoka vipele viganjani, na kesho yake njia zao zote zilikuwa zimezibwa kwa matawi ya miiba, na wanawake waliokuwa wakileta maziwa ya kibuyu hawakuonekana tena. Bwana aliwaita washenzi.

Siku ya kumi tangu shule ifungwe Mosoti akafa, adhuhuri, Nyambeki amemshika miguu. Siku hiyo hiyo Mellen akatoka vipele.

Loice alimfunika Mosoti, akanawa mikono kwa majivu na maji ya moto, akaenda moja kwa moja chumba cha dawa. Makori alikuwa peke yake. Hakuwa amevaa koti.

"Hiyo dawa mliyochanjia watoto," Loice alisema, "ilifika lini?"

"Shemeji, pole kwa—"

"Ilifika lini?"

"Mwezi wa pili. Mwanzo."

"Mlichanja mwisho wa mwezi wa pili."

"Bwana alisema tungoje. Majani yalikuwa mengi, akasema mikono ikivimba sasa tumekwisha. Tulingoja wiki tatu."

"Wiki tatu. Iliwekwa wapi?"

Makori akapangusa meza iliyokuwa safi. "Hapa panavuja. Unaona mwenyewe. Nikaogopa iloe. Nikatafuta mahali pazuri, pakavu."

"Wapi, Makori?"

"Nilimpa Joab."

Loice alipata habari yote katika yale maneno mawili, lakini alikwenda mpaka kiwandani asikie kwa mdomo wa mwenyewe. Joab alikuwa mtu wa mashine ya kukaushia. Miaka saba alisimama mbele ya tanuru lile, na hakuna shehena iliyoungua au kulala na unyevu mikononi mwake. Alikuwa mtu mpole, mwangalifu, anayekunja hata vitambaa vya kufutia mafuta. Alipomwona mkewe mlangoni alijua mtoto wa Nyambeki amekufa, akavua kofia.

"Joab. Makori alikupa kisanduku."

"Cha dawa? Ndiyo. Kitambo."

"Ulikiweka wapi?"

Na Joab, Mungu amsamehe, uso wake ukachangamka kidogo, kwa kuwa hapo alikuwa na hakika alifanya kazi nzuri. Akamwonyesha rafu juu ya mlango wa tanuru, pale alipoweka sampuli za chai bora za kupelekwa London. "Hapo. Hakuna mahali pakavu kama hapo shamba zima. Na nilikizungushia karatasi ya risasi, ile ya kutandika ndani ya maboksi, hata mvuke usiingie. Kiliondoka hapa kikavu kama mfupa."

Loice aliweka mkono juu ya rafu. Akauondoa haraka. Bati lilichoma.

Sista aliweka dawa ile ndani ya mtungi uliofukiwa kwenye mchanga wenye maji, chini ya kitanda chake. Loice ndiye aliyemwagia maji mchanga ule asubuhi na jioni. Ni kitu hai, Sista alisema, kikipata joto kinakufa, na kikifa huwezi kuona kwa macho. Na mumewe alikuwa amekioka. Alikioka kwa mapenzi, kama alivyofanya kila kitu cha thamani, kwa kuwa katika kazi yake adui alikuwa mmoja tu, nao ni unyevu, na hakuna mtu, si Bwana wala Makori wala karani, aliyefungua kinywa kumwambia kwamba duniani kuna kitu cha thamani kinachotaka ubaridi.

"Umeiua," alisema.

"Nimeua nini?"

"Umeiua dawa, Joab! Ulipika dawa ya watoto wiki tatu juu ya moto, ukaifunga vizuri isipumue! Mosoti alichanjwa maji. Akeyo alichanjwa maji!"

Watu wa kuchambua chai wakaacha kuchambua. Joab alitazama rafu yake, akatazama tena, kama vile kisanduku bado kipo na anaweza kukishusha.

"Mimi sikujua, Mama Akeyo."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nataka kukupiga."

Hakumpiga. Alimwambia kesho alfajiri wanakwenda Kericho kwa miguu, na huko atasema kwa mdomo wake alichofanya. Joab akasema watamfukuza. Loice akasema vizuri, wamfukuze. Makori, aliyekuwa amemfuata kwa nyuma, akamshika mkono. "Shemeji, nitafungwa mimi. Nina watoto."

"Wamechanjwa?" Loice akamuuliza.

Makori akaachia mkono.

Walimchukua Akeyo. Loice alimpima paji la uso kwa shavu lake kabla ya kutoka, akaona ni baridi. Alimhitaji kwa sababu ya bega lake. Neno la mwanamke mwenye uso wa mashimo dhidi ya sahihi ya Bwana lilikuwa si kitu, lakini bega ni bega. Akeyo alikuwa na miaka tisa, na ile safari ya maili kumi na mbili aliiona sikukuu. Alitembea mbele yao akiruka madimbwi, akiwauliza kama kweli mjini kuna duka lenye kioo unachojiona mpaka miguu.

"Kipo," Joab alisema.

"Nikijiona miguu nitaicheka. Ina matope!"

Daktari wa serikali alikuwa mtu mfupi, amechoka, mwenye Kiswahili safi. Alifungua faili. "Shamba lenu limekamilika. Watoto arobaini na watatu. Dawa inakuja kwa treni, inagawiwa kwa walio bado. Nitatoaje mara mbili?"

Loice akamshusha Akeyo nguo begani. "Tazama kovu, Bwana Daktari."

Daktari akatazama. Akamgeuza mtoto kwenye dirisha. Akatazama bega la pili, labda wamekosea. "Huyu hakuchanjwa."

"Nambari kumi na saba. Soma."

Akasoma. Halafu Loice akamgeukia mume wake, na Joab, kofia mkononi, akasema yote: rafu, tanuru, karatasi ya risasi, wiki tatu. Sauti yake haikukatika mpaka alipofika pale kwenye kukauka kama mfupa. Hapo ikakatika.

Daktari alimtukana. Alimtukana vizuri, kwa Kiswahili na kwa lugha yake, na Joab alisimama akapokea yote. Loice, aliyekuwa na matusi yake mwenyewe yaliyomjaa kifuani siku mbili, aliona ghafla kwamba hayo anayotukaniwa Joab si yake peke yake. "Sasa mtukane na aliyesema tungoje ili mikono isivimbe," alisema. "Huyu alikosea. Yule alichagua."

Daktari akaandika amri ya karantini. Akamchanja Akeyo pale pale, kwa dawa chache zilizokuwepo, na vimirija vingine hamsini vya dawa, kila kimoja cha kutosha watu kadhaa, akawapa wabebe, kwa kuwa gari lake lilikuwa limezama matopeni njia ya Sotik. Yeye atafuata kesho na askari.

Loice alinunua mtungi sokoni. Joab aliujaza kuvumwani, ule ukoga laini uliolowa wa mawe ya mtoni, akavilaza vile vimirija katikati, akafunika kwa kitambaa kilicholoa. Aliubeba kifuani, si kichwani, asije akateleza. Kwenye kila kijito alisimama, akapiga magoti, akalowesha kitambaa. Jua lilipotoka mawinguni alivua shati akautengenezea kivuli, akatembea kifua wazi. Akeyo aliacha kuruka madimbwi walipofika nusu ya njia. Alisema kichwa kinamgonga. Loice akambeba mgongoni, na kupitia nguo akahisi lile joto.

Alijua hesabu yake. Siku kumi na mbili tangu mstari wa chini na Mosoti. Chanjo ya asubuhi ile ilikuwa imemkuta mgeni ameshakaa ndani.

Kesho yake Makori aliwachanja watoto wote tena, na wakubwa wote, mbele ya askari. Siku ya nane laini nzima ililia. Mabega yalivimba kama maandazi, watoto walipiga kelele wakiguswa, akina mama walilaani dawa, na hakuna aliyeweza kuinua kikapu. Mtoto wa Atuti mwenyewe alilala chini akimlilia baba yake. Loice alizisikia kelele zile akiwa jikoni kwake, ameketi karibu na mkeka wa Akeyo, na hakuwahi kusikia kitu kizuri kama kile, na alikichukia.

Akeyo hakulia. Uso wake ulikuwa umefunikwa, macho yamefungana. Siku moja aliuliza, "Mama, kile kioo tulikipita?"

"Tulikipita. Tutarudi."

"Mimi sikuona miguu."

Alikufa siku ya kumi na moja ya ugonjwa wake, saa za kupima majani, ingawa siku hiyo hapakuwa na majani ya kupima. Joab alichimba kaburi mwenyewe, kando ya lile la Mosoti. Nyambeki alikuja. Alishika jembe upande wa pili.

Mellen alipona, na jicho moja. Wengine wawili walikufa, watoto wa ule mstari wa chini. Waliobaki wote walisalimika, kwa ajili ya mabega yale yaliyovimba.

Siku nne baada ya mazishi Bwana Mrefu aliwaita wazazi shuleni. Daktari angekuja kukagua. Aliinama kupita mlangoni, daftari kwapani, Makori na Atuti nyuma yake.

"Shauri moja tu," alisema. "Hapa jina ya toto nne nakufa. Dresa naandika: amechanjwa, nakufa kwa homa. Namna hii hapana kelele. Kufa ni shauri ya Mungu."

Makori alikuwa na kalamu. Alikuwa hajaandika. Alimtazama Loice, halafu sakafu.

Loice alisimama kutoka benchi la watoto. Alihisi kitu kikipanda kutoka miguuni, na hakukizuia kama alivyokizuia siku ile ya mabega yaliyokauka. "Mungu hana tanuru," alisema. "Mungu hakumwambia mtu angoje wiki tatu. Usimsingizie Mungu ndani ya shule yangu."

"Wewe funga mdomo. Mume yako ndiyo naharibu dawa! Mimi nafukuza yeye. Leo!"

"Leo huwezi," Joab alisema kutoka ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kusikika tangu mazishi. "Kuna karantini, Bwana. Hapana mtu kutoka."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi, kibaya. Bwana akageuka. "Nyapara! Toa huyu mwanamke nje."

Atuti hakusogea. Nje, kwenye kizingiti, mtoto wake alikuwa ameketi na mkono wake umefungwa kitambaa, akiula mkate kwa mkono wa kushoto. Atuti alimtazama mtoto, akatazama dole gumba lake, akasema, "Bwana, mkono wangu unauma. Mimi pia nilichanjwa."

Loice akamwendea Makori, akafungua kiganja. Makori akampa kalamu kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Daftari akalichukua mwenyewe kutoka kwapa la Bwana, na Bwana, aliyezungukwa na watu sitini wenye mikono iliyovimba ambao hakuna aliyepisha, akaliachia.

Loice alilifungua juu ya meza ya darasa. Alianza na Mosoti. Alikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa herufi za ubaoni, kubwa, ambazo hata mtoto wa darasa lake angeweza kusoma. Mellen. Wale wawili. Kisha wote waliobaki, jina baada ya jina, akikata la uongo na kuandika tarehe ya kweli. Wazazi walisimama wakisubiri mpaka jina la mtoto wao lifikiwe. Lile la kumi na saba aliliruka akaliacha la mwisho.

Joab alikuja akasimama kando yake. Loice hakumtazama. Alikuwa hajamsamehe, na hakujua kama atamsamehe, wala hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo sasa. Lakini hakumwambia aondoke.

Mstari wa kumi na saba aliuandika polepole, asichafue karatasi.

Akeyo binti Joab, miaka tisa. Hakuchanjwa kwa wakati. Dawa ilifika ikiwa hai. Ilingojeshwa wiki tatu kwa ajili ya majani, juu ya tanuru, na walioiweka hawakuambiwa. Amekufa kwa ndui.

Akapuliza wino ukauke, akageuza daftari, akalisukuma mbele ya Bwana Mrefu pamoja na kalamu.

"Haya," alisema. "Weka sahihi."